Chupa Mbili, Tandiko Moja: Kupanga Chanjo za Farasi Bila Kuharibu Mazoezi

Mwenye farasi akimpigia simu daktari wa mifugo, swali lake huwa lile lile: "Daktari, nikimchanja leo, kesho naweza kumpanda?" Yeye anataka ndiyo au hapana. Daktari mwangalifu humrudishia swali: "Unamchanja nini?"

Hapo ndipo mambo yote yalipo. Kuna chanjo ambayo farasi akidungwa leo, keshokutwa anafungwa tandiko kama kawaida. Na kuna nyingine ambayo akidungwa leo, hatari yenyewe haijaanza mpaka wiki ijayo, wakati mwenyewe keshasahau kama kulikuwa na sindano. Kwa mtu anayefuga farasi Karen, Ngong, Gilgil au Nanyuki, hizo zote mbili zinamhusu, na mara nyingi zinamhusu ndani ya miezi ile ile.

Wengi ninaowaona wakikosea wanajua kuchanja na wanajua kupanda. Tatizo lao ni kuwa na kalenda mbili. Ya chanjo imo ndani ya pasipoti ya farasi, kabatini. Ya mazoezi imeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa zizini. Hazijawahi kukutana.

Sindano za siku mbili

Tuanze na nyepesi: pepopunda, mafua ya farasi na kichaa cha mbwa.

Aliyeupa ugonjwa ule wa kwanza jina la pepopunda, nadhani alikuwa amewahi kusimama mbele ya mnyama aliyekakamaa kama gogo, mkia umenyooka, taya limefunga, akishtuka kwa kila kishindo. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaopatwa kirahisi zaidi, na bakteria wake wanaishi kwenye udongo na samadi, yaani pale pale anapokanyaga kila siku. Msumari mmoja kwenye kwato unatosha. Kichaa cha mbwa nacho hakihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Afrika Mashariki: farasi akiambukizwa na mbwa au mbweha mwenye kichaa na dalili zikaanza, atakufa, na kabla hajafa atakuwa amewatia hatarini saisi, daktari na mpandaji.

Chanjo za magonjwa haya zinazotumika sana zina kitu kisichoweza kuzaana mwilini: sumu ya bakteria iliyovunjwa makali, virusi vilivyouawa, au vipande vyake. Mwili unazipokea kwa hasira ya papo hapo, kisha hasira inakwisha. Ndani ya siku moja shingo inaweza kuvimba kidogo pale sindano ilipoingia. Joto la mwili, ambalo kwa farasi mzima ni kati ya 37.5 na 38.5, linaweza kugusa 39. Anakuwa mzito, anakula polepole. Siku ya pili au ya tatu amerudi kuwa yule yule.

Shingo ikiuma, farasi hataki kuinamisha kichwa. Saisi asiyejua atasema amesusa chakula, kumbe nyasi ziko chini mno. Inua nyasi zake kavu za Boma Rhodes ziwe usawa wa kifua, tundika ndoo ya maji mlangoni, utaona anakula vizuri tu. Kwa sababu hiyo hiyo, mpandaji atakayemvuta hatamu siku hizo mbili ili akunje shingo na kubeba kichwa vizuri atagombana na mnyama asiye na kosa. Kumtembeza kwa kamba dakika 20 asubuhi na 20 jioni kunasaidia zaidi kuliko kumfungia ndani, kwa sababu mwendo hupunguza uvimbe.

Kwa hiyo ratiba yake ni rahisi. Siku ya kwanza na ya pili ni kutembea tu. Siku ya tatu, kama joto ni la kawaida, anarudi kwenye kazi nyepesi. Shoti, yaani mbio za nguvu, isubiri wiki iishe. Wanaoshindana chini ya FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, hawana hiari hapa: chanjo ya mafua haitakiwi kuwa imedungwa ndani ya siku 7 kabla ya farasi kufika mashindanoni. Jambo jingine ambalo watu husahau ni kutomchanja jioni ile ile aliyorudi kutoka safari ya kilomita 60. Mwili uliochoka hivyo kinga yake hushuka kwa muda, na hakuna sababu ya kuudai mambo mawili kwa mpigo. Mchanje baada ya siku ya kazi nyepesi.

Chupa mbili

Sasa kubwa lao: ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huenezwa na usubi, vidudu vidogo kiasi cha kupenya chandarua cha kawaida cha mbu, wanaouma zaidi kuanzia machweo hadi mapambazuko. Virusi vyake viko vya aina 9, na kinga ya aina moja haimlindi farasi kikamilifu dhidi ya nyingine. Ukimpata kwa njia ya mapafu, jioni anaweza kuonekana mzima na kesho yake akafa akitokwa povu puani, mapafu yamejaa maji. Katika sura hiyo, hadi farasi 95 kati ya 100 hufa. Punda na pundamilia huambukizwa pia, ila mara nyingi bila kuonyesha chochote, na ndiyo maana mtu anayefuga karibu na pundamilia, kama vile Naivasha au Laikipia, anakaa jirani na ghala la virusi linalotembea kwa miguu minne.

Si ugonjwa mgeni. Kule Rasi, Afrika Kusini, mwaka 1719 uliua farasi wapatao 1,700, na mlipuko wa 1854 hadi 1855 ulifagia karibu 70,000. Hata historia ya Waswahili imeguswa. Msafara wa Mreno Francisco Barreto ulipofika Sena, kwenye mto Zambezi, mwaka 1571, farasi wake walianza kufa mmoja baada ya mwingine. Wareno wakaamua kwamba wafanyabiashara Waislamu wa pale wamewalisha sumu, wakawaua. Leo wanaosoma habari zile wanawataja ndorobo na ugonjwa huu kuwa ndio washukiwa wa kweli.

Chanjo inayojulikana zaidi kusini na mashariki mwa Afrika hutengenezwa Onderstepoort, karibu na Pretoria. Huja kwa chupa mbili: ya kwanza ina aina 1, 3 na 4, ya pili ina 2, 6, 7 na 8. Aina 5 na 9 hazimo, na kinachotegemewa ni kwamba kinga ya aina 8 itaisaidia ile ya 5, na ya 6 itaisaidia ile ya 9. Chupa mbili hazidungwi pamoja. Kati yake zinapita angalau wiki tatu, na madaktari wengi hupenda nne. Kama daktari wako ameleta chanjo ya kiwanda kingine, soma karatasi iliyo ndani ya boksi, kwa sababu aina zilizomo na idadi ya dozi zinaweza kuwa tofauti.

Hii ni chanjo hai. Virusi vimedhoofishwa, lakini vinazaana mwilini mwa farasi, na ndivyo kinga inavyopatikana. Kuzaana huko kuna ratiba yake. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, farasi anaonekana hana habari. Mwenyewe anasema "huyu hakuathirika" na anafunga tandiko. Homa, kama ipo, huja kati ya siku ya 5 na ya 13. Farasi wengi hupanda kidogo tu, nusu nyuzi hivi, usijue bila kipimajoto. Wachache hupanda sana.

Kwa nini mazoezi mazito siku hizo ni hatari kuliko baada ya sindano ya pepopunda? Virusi hivi, hata vile vya porini, hupenda seli zinazotandaza ndani ya mishipa ya damu, pamoja na wengu na mapafu. Ugonjwa wenyewe unaua kwa kuifanya mishipa midogo ivuje. Farasi naye, akipiga shoti, moyo wake unatoka mapigo 30 au 40 kwa dakika hadi zaidi ya 220, na shinikizo la damu ndani ya mapafu linapanda kiasi kwamba hata farasi wazima wa mbio huvujisha damu kidogo mapafuni. Yaani unakwenda kufungua bomba kwa nguvu zote wiki ile ile ambayo kuna fundi ndani anaigusagusa mipira yake. Aina dhaifu ya virusi ingepita kimya kwa farasi aliyepumzika, lakini kwa farasi anayesukumwa huenda isipite kimya.

Hivyo basi: baada ya kila chupa, siku 14 bila kazi. Kutembea kwa kamba na kulisha uwanjani ni sawa. Kurudi kwenye matiti, yaani ule mwendo wa kati ya kutembea na shoti, kwa muda mfupi kuanzia siku ya 15, kama daftari la joto ni safi. Na ni kila chupa, si chupa ya kwanza tu. Nimesikia watu wakisema ya pili haina neno kwa sababu mwili umeshazoea. Mwili umezoea 1, 3 na 4. Hizo nyingine nne haujawahi kuziona, kama ni farasi mchanga. Farasi aliyechanjwa miaka mitatu au minne mfululizo mara nyingi hupita kwa utulivu zaidi, lakini hilo si ruhusa ya kumpanda. Anayenitia wasiwasi ni yule wa miaka mitatu, kinga changa, anayeandaliwa kwa mbio zake za kwanza, na ambaye kila mtu ana haraka naye.

Kipimajoto chenyewe kinafungwa uzi, na mwisho wa uzi kibanio cha nguo, kikibanwa kwenye nywele za mkia. Bila hivyo kitapotea mahali ambapo hakuna anayetaka kukitafuta. Pima saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, kabla ya chakula na kabla hajatoka juani, na anza siku saba kabla ya sindano, ili ujue kawaida ya farasi huyo. Wapo ambao 37.4 ni kawaida yao, kwao 38.4 ni homa, hata kama kitabu kinasema bado yuko ndani ya mpaka.

Hofu ya kupoteza pumzi

Kinachowafanya watu waivunje sheria ya siku 14 ni hofu kwamba farasi atarudi nyuma. Ameandaliwa miezi mitatu, sasa asimame wiki mbili, kisha wiki mbili tena?

Farasi si binadamu katika hili. Moyo na mapafu yake hushikilia mazoezi vizuri ajabu. Wengu wake huhifadhi theluthi moja au zaidi ya chembe nyekundu za damu na kuzimwaga mwilini pale anapozihitaji, na uwezo huo haupotei kwa kusimama siku kumi. Wiki mbili hadi nne za kupunguza kazi humwondolea kiasi kidogo sana, na kidogo hicho kinarudi haraka. Kinachoshuka upesi ni adabu: anatoka zizini siku ya 15 amejaa nishati, anarusha mateke, na mpandaji anadhani ndiyo afya. Punguza nafaka siku zote 14. Farasi wa mazoezi akipewa nafaka yake kamili huku hafanyi kazi, siku ya kwanza ya kurudi misuli inaweza kukaza mgongoni na makalioni hadi asiweze kutembea, na mkojo ukatoka wa rangi ya kahawa.

Kano na mifupa ndiyo ya kuangaliwa. Hizo hujengeka kwa miezi, hata mwaka, wakati pumzi hujengeka kwa wiki. Farasi anayerudi kutoka mapumziko pumzi yake inamruhusu kufanya zaidi ya kile ambacho kano zake ziko tayari kubeba. Wiki ya kwanza ya kurudi ni kutembea na matiti kwenye ardhi nzuri. Shoti fupi katika wiki ya pili. Mlima baadaye.

Tuiweke kwenye kalenda. Chukua farasi jike wa miaka minane, yuko Gilgil, anaandaliwa kwa safari ya mashindano ya kilomita 80, na siku ya mashindano ni Jumamosi ya wiki ya 16. Tunahesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Wiki ya mwisho ni ya kazi nyepesi. Kabla yake anahitaji wiki nane hivi za kujenga bila kukatizwa. Hiyo inatufikisha wiki ya 7. Basi chupa ya pili iingie mwanzo wa wiki ya 5, apumzike ya 5 na ya 6. Chupa ya kwanza ilishaingia mwanzo wa wiki ya 1, siku 28 kabla. Wiki ya 3 na ya 4, katikati ya chupa, anafanya matembezi marefu na matiti, hakuna zaidi. Mafua na pepopunda hazichanganywi na chupa hizi: zinaingia wiki ya 10, na zinakula siku mbili tu za ratiba. Siku ya mashindano, kwenye kituo cha daktari, moyo wake utatakiwa ushuke hadi mapigo 64 kwa dakika au chini. Mpandaji aliyeyaogopa mapumziko ya wiki ya 5 atakuwa ameshasahau kwa nini.

Jambo moja linaweza kuivuruga kalenda hiyo, nalo ni mvua. Kinga inatakiwa iwe imejengeka kabla usubi hawajajaa. Kwa nyanda za juu za Kenya hiyo ni kuchanja wakati wa kiangazi: Januari na Februari kabla ya mvua za masika, au Agosti na Septemba kabla ya vuli. Afrika Kusini nao huchanja msimu wao wa baridi kwa sababu hiyo hiyo. Ikiwa mashindano yako ni Machi, chanjo ni Novemba au Desemba, na hilo linamaanisha kuchanja vuli ikiwa imepamba moto. Hapo mimi ningebadilisha mashindano kabla ya kubadilisha chanjo, ingawa najua si kila mtu ana uhuru huo.

Mvua inagusa pia saa ya kupanda. Desturi ya mazizi mengi ni kutoka gizani, saa kumi na moja na nusu asubuhi, kuwe na ubaridi. Ni saa nzuri kwa pumzi, na ni saa nzuri kwa usubi pia. Msimu wa mvua, subiri jua litoke, saa moja na nusu hivi. Jioni farasi wawe ndani kabla ya machweo, wamepakwa dawa ya wadudu, wavu laini madirishani. Chanjo haiondoi haja hii. Farasi waliochanjwa huugua bado, ingawa kwa kawaida si kwa ukali ule ule.

Kadi na kikohozi

Kwenye mafua, adui mkubwa ni karani. Farasi wa FEI anatakiwa awe amechanjwa ndani ya miezi 6 na siku 21 kabla ya kufika mashindanoni. Dozi mbili za mwanzo hazikaribiani chini ya siku 21. Ukiacha zaidi ya mwaka mmoja upite bila kurudia dozi, hakuna huruma: unaanza upya kama farasi asiyewahi kuchanjwa. Mashindano ya nyumbani yana masharti yake, na yanaandikwa kwenye fomu ya kujiandikisha. Yasome siku unapochora kalenda, usingoje usiku wa kufunga mizigo.

Ukali huo una sababu. Agosti 2007 mafua ya farasi yaliingia Australia, nchi ambayo haikuwa nayo, na farasi makumi ya elfu wakaugua ndani ya miezi michache. Februari 2019, Uingereza ilisimamisha mbio zote kwa siku sita, na baadhi ya farasi waliokutwa na virusi walikuwa wamechanjwa. Chanjo hupunguza kikohozi na kupunguza muda wa kueneza, lakini haimfungii virusi mlango kabisa.

Kwa hiyo farasi anayekohoa siku ya tatu baada ya sindano ya mafua usimpe chanjo lawama haraka. Chanjo inaweza kuleta uvimbe na homa ya siku moja mbili. Kikohozi kikavu na kamasi zizini ni ugonjwa mpaka daktari aseme vingine, na anayekohoa hapandwi. Virusi vya mafua hukwangua utando wa njia ya hewa, na utando huo unahitaji kama wiki tatu kujirudia. Madaktari wana kanuni nyepesi ya kukumbuka: kila siku moja ya homa, wiki moja ya mapumziko. Homa ya siku nne ni mwezi mzima. Hapo ndipo unapoona kwamba siku mbili za sindano zilikuwa bei ya chini.

Jumamosi moja, siku ya nane tangu chupa ya kwanza, nilikuwa zizini mwenye farasi alipofika kutoka mjini, buti zimeshavaliwa, kofia mkononi. Farasi alikuwa mlangoni anang'aa, masikio mbele, anatafuna. Saisi hakubishana. Alichukua daftari la shule lililotundikwa kwa kamba kwenye msumari, akalifungua, akaweka kidole penye mstari wa mwisho: 38.9, saa moja asubuhi. Juu yake 38.2. Juu yake 37.8, 37.7, 37.8.

"Boss, jana jioni alianza kupanda. Nimeshampigia daktari."

Mwenye farasi alilitazama daftari, akamtazama farasi, akalitazama tena daftari. Akavua kofia, akaomba kamba, wakatoka naye taratibu hadi kwenye nyasi nyuma ya tangi la maji, buti zile safi zikilowa umande.